Land Rover ya marehemu na mtini wa Injili



Leo ni Dominika ya Tatu ya Kwaresima. Kwa kuwa tuko Mwaka C wa liturujia, Injili inayosomwa makanisani ni ya Luka sura ya 13, habari ya mtini ambao mwenye shamba ameutafutia matunda miaka mitatu asipate kitu. Yeye anataka ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi. Injili hii huturudia kila baada ya miaka mitatu, nami nilikuwa na mahubiri yangu ya akiba juu ya toba, ambayo waamini wangu wa siku nyingi wangeweza kunimalizia wenyewe. Lakini mwishoni mwa Februari, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, nilikwenda Ukata kuadhimisha Misa, nikaoneshwa gari. Tangu siku hiyo mahubiri yale hayanikai tena kinywani.

Kwa msomaji wa mbali, Ukata ni kata ya Wilaya ya Mbinga, huku kwetu Ruvuma. Ni nchi ya milima, kahawa na ukungu wa asubuhi. Kati ya Novemba na Aprili mvua hunyesha kana kwamba imeajiriwa. Wamatengo waliizoea zamani, ndiyo maana wakabuni ngolo, yale mashimo ya mraba yanayopangwa kwenye mteremko kwa nyasi zilizofunikwa udongo. Maji badala ya kukimbia na rutuba yanatua shimoni na kuzama taratibu, na maharage yanaota kwenye kingo. Wataalamu wametoka mbali kuja kulisoma jambo hili. Naitaja mvua kwa sababu mvua hiyo hiyo inayolisha ngolo ndiyo inayokula chuma, na kesi niliyopelekewa ilikuwa ya chuma.

Baada ya Misa mama mmoja mjane alinisubiri mlangoni. "Baba, kabla hujaondoka, njoo unisaidie kesi." Nikadhani ni ndoa ya mtoto, maana kesi zetu nyingi ni hizo. Akanipitisha jikoni, ambako sufuria mbili zilikuwa zimekingwa chini ya bati lililotoboka, akanitoa nyuma ya nyumba. Chini ya mparachichi, katikati ya mibuni iliyokosa kupogolewa, ilisimama Land Rover 109, ile ndefu ya nyuma wazi iliyokuwa ikifunikwa turubai. Turubai halikuwepo. Tairi zilikuwa zimeisha upepo na kuzama mpaka rimu zikagusa ardhi. Maparachichi yaliyoanguka miaka nenda rudi yalikuwa yameacha mabonde juu ya boneti. Ndani, badala ya kiti cha dereva, kulikuwa na kuku ametamia.

"Lilisimama mwaka wa Elinino," akasema. Wasomaji wa umri wangu wanaukumbuka msimu ule wa 1997 kwenda 1998, barabara zilivyokatika. Mume wake, mnunuzi mdogo wa kahawa, alirudi siku moja gari limechemka, akaliegesha hapo. Mvua ikikata, alisema, atamwita fundi. Mvua ilikata. Bei ya kahawa nayo haikusimama. Mwaka 2003 mwenye gari akafariki, na gari likabaki pale likiisubiri ile mvua ikate.

Kesi yenyewe ni hii. Kifungua mimba yuko Dar es Salaam. Yeye anasema gari lisiguswe, ni kumbukumbu ya baba. Oktoba mwaka jana aliona kwenye simu picha za lile tamasha la Land Rover la Arusha, magari mamia kwa mamia yamepanga mstari, mengine ya zamani kuliko la baba yake, yameng'arishwa mpaka watu wanapigia picha ya harusi. Sasa anaamini nyumbani kwao kuna mali. Mdogo wake yuko Mbinga mjini. Yeye amekwisha kumleta mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake. Fedha iliyotajwa ingetosha mabati ya jiko la mama na baki kidogo. Mkubwa alipigiwa simu, akafoka, mnunuzi akaondoka na mzani wake. Ndugu hao hawakuzungumza Krismasi nzima.

Nikamwuliza mama yeye anataka nini. Akaliangalia gari, akasema, "Mimi, Baba, nimechoka kukaa na maiti isiyozikwa."

Mpendwa msomaji, nilipaswa kutoa ushauri pale pale, kwa maana padre akiulizwa huwa anajibu. Sikuweza. Sababu si hekima. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe nina deni la namna hiyo, na leo nitalikiri mbele yenu.

Mwaka wa pili wa upadre wangu nilitumwa katika parokia ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si lake. Nilikuta Land Rover nzee na dereva wake mzee. Gari hilo lilikuwa limepanda kila kilima cha vigango vyetu, wakati wa masika likiwa limefungwa minyororo tairini. Lilibeba saruji, mahindi, wanakwaya, na usiku usiohesabika lilibeba akina mama wenye uchungu kwenda hospitali. Wengine hawakufika, walijifungulia njiani, na dereva yule aligeuka kuangalia porini mpaka aitwe. Kisha marafiki wa ng'ambo wakatuletea pikapu mpya ya Kijapani. Wiki hiyo hiyo pampu ya maji ya Land Rover ikaanza kuvuja. Nikasema tuisukume nyuma ya ghala, tutaishughulikia baada ya Pasaka.

Sikusema Pasaka ya mwaka gani.

Miezi michache baadaye akaja mtu wa parokia jirani kuomba kabureta. Alikuwa na shida ya kweli, nikampa. Mwingine akaja na barua akiomba betri na taa mbili za mbele. Mwingine rejeta. Kila aliyekuja alikuwa na haja, nami nilijiona mkarimu kwa mali ambayo sikuinunua. Mvua tatu, mvua nne. Nilipohamishwa na kukabidhi parokia, niliandika kwenye orodha ya mali: gari moja (bovu). Nadhani katika miaka yangu yote ya ukasisi sijawahi kuandika uongo mfupi kuliko ule. Siku ya kuniaga, dereva mzee alinisindikiza mpaka mlango wa pikapu, akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, lilikuwa na ugonjwa wa pampu tu."

Kwa hiyo pale Ukata nilimwomba mama anipe wiki moja, nikamtafuta fundi.

Fundi niliyempata ni wa rika langu au amenizidi kidogo, aliyejifunza kazi katika karakana za Peramiho. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na pamoja na altare waliweka nyundo, randa na spana. Kwa maoni yangu wakati mwingine tunaimba sana juu ya altare na kusahau spana. Alikuja na mkoba wake, nyundo ndogo na chupa mbili za soda zilizojaa mafuta. Hakufungua boneti kwanza, kama ambavyo mimi ningefanya. Alilala chini kifudifudi juu ya gunia, kwenye matope, akaanza kugonga chesesi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. Ngo, ngo, ngo. Kisha pu. Kisha nyundo ikapita.

Nilishangaa, kwa sababu bodi ilionekana nzima. Rangi imepauka, mabonde yapo, lakini kutu hakuna. Fundi akanipa somo akiwa amelala chini vile vile. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo. Kiwanda kikatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo haishiki kutu. Lakini chesesi ilibaki ya chuma, ikiwa mfano wa boksi refu lenye uwazi ndani. Matope ya safari yanaingia humo na hayatoki. Gari likitembea, upepo na joto vinakausha. Likisimama mvuani, matope yanakuwa kama sponji, na chuma kinaliwa kuanzia ndani kwenda nje. Siku utakayoona tundu, kazi imekwisha zamani. Na pale alumini inapokutana na chuma penye unyevu, alumini nayo inageuka unga mweupe. Akanikwangulia kidogo kwa bisibisi, ukamwagika kiganjani kama unga wa muhogo.

Padre mwingine angekimbilia hapo kuhubiri juu ya watu wenye bodi inayong'aa. Nakuachia mwenyewe, msomaji, mimi nilikuwa natazama mikono ya fundi.

Alifungua plagi nne, akamimina katika kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili, akazifunika kwa matambara. "Tuiache inywe," akasema. Tulirudi baada ya siku tatu. Akachomeka ile hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, ambayo magari ya siku hizi hayanayo, akaegemea kwa uzito wake. Haikuenda. Akaegemea tena. Pakatoka mlio kama mtu anayekohoa usingizini, na injini ikageuka robo mzunguko, kisha nusu. Mama mjane alikuwa amesimama na kibakuli cha mahindi ya kuku. Hakusema kitu. Alikiweka kibakuli chini, akafunga kanga upya.

Hukumu ya fundi ilikuwa hivi. Injini inaweza kufufuka. Gia boksi inasogea. Kiti cha nyuma cha springi kimeoza, na chesesi kutoka pale kwenda nyuma ni ya kukata na kuchomelea mpya. Tangi la petroli limekwisha, waya zote zimeliwa na panya, breki hakuna hata moja. "Nipe bei ya pikipiki mbili mpya," akasema, "na hapo sijapiga rangi."

Sasa tuzungumze wazi. Je, linastahili?

Nimewasikia wanaosema kila gari la kale ni hazina. Si kweli. Nchi yetu imejaa magari yaliyosimama, na yalisimama kwa sababu tunazozijua. Bei ya mafuta ilipanda miaka ya 1970, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, vita vya Kagera vikaja 1978, fedha za kigeni zikaadimika, spea za Kiingereza zikawa kama dhahabu. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, gari la mitumba kutoka Japani likawa rahisi kuliko kulitengeneza la zamani. Nenda kwenye yadi yoyote ya serikali, ya misheni, ya ushirika, utayakuta yamepanga foleni, miti imeota kwenye madirisha. Hatuwezi kuyafufua yote na hatuna sababu. Mhubiri anatuambia kuna wakati wa kutunza na wakati wa kutupa, na sehemu ya pili ni Neno la Mungu kama ya kwanza.

Pia nimewasikia wanaosema ni vyuma tu, piga mzani. Nao siwakubali. Nenda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam ukaone Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Mtoto anayeisimamia mbele yake anaelewa uhuru kwa dakika tano kuliko kwa ukurasa mzima wa kitabu, kwamba kiti kile kile kilikaliwa na mtu mwingine. Kule Kenya, tangu 2003 wanaendesha mashindano ya Safari ya magari ya zamani tu, na barabara za vumbi zinayaona tena yale Peugeot na Ford ambayo baba zetu waliyasubiri kandokando ya njia. Na wale wanaodhani padre hapaswi kuandika juu ya magari wakumbuke kwamba mwaka 2013 Padre Renzo Zocca wa Verona alimpa Baba Mtakatifu Fransisko Renault 4 yake nyeupe ya mwaka 1984, ambayo ilikuwa imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000 katika utume wake. Baba Mtakatifu hakuona haya kuipokea. (Sisi mapadre tunaoulizana kwenye mikutano ni nani amepata gari la aina gani tungeweza kukaa na picha ile ukutani.)

Lakini kinachonisumbua mimi si hao wa tamasha wala hao wa mzani. Wote wawili wameamua. Kinachonisumbua ni gari la tatu, ambalo halikutunzwa wala halikutupwa. Bwana alitufundisha katika Matayo 6 tusiweke hazina mahali penye nondo na kutu, na mtume Yakobo anakwenda mbali zaidi, anasema kutu yenyewe itasimama kutoa ushahidi. Nilizoea kuelewa kwamba ushahidi huo ni dhidi ya matajiri wenye vingi. Pale Ukata niliona unaweza kuwa dhidi ya mtu yeyote anayesema "hili ni langu" halafu anaiachia mvua.

Hebu fikiria meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma. Mwaka 1916 walipoona adui anakaribia, waliizamisha wenyewe. Mafundi waliopewa amri hiyo, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Ikakaa chini ya maji mpaka Waingereza walipoiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na injini zile zile. Miaka minane ndani ya ziwa! Land Rover yangu nyuma ya ghala haikumaliza miaka saba juu ya nchi kavu. Tofauti ni kwamba wale wa Kigoma, hata wakati wa kushindwa, waliiacha meli yao kama watu wanaotegemea kwamba mtu atairudia. Mimi nilikuwa na amani, muda na mafuta ya kutosha, na sikuweka hata gunia juu ya boneti.

Kumbe kuacha kitu si dhambi. Kila mtu huishiwa. Marehemu wa Ukata hakuwa mzembe, alikuwa mkulima aliyeangushwa na bei. Lakini kuna kuacha kwa grisi, na kuna kuacha kwa maneno matupu. Fundi aliniambia ambacho gari lingehitaji mwaka ule wa Elinino: kuliinua juu ya magogo manne ili tairi na springi zipumzike, kumwaga maji ya rejeta, kutoa betri, kumimina oili kidogo kwenye silinda, kuziba bomba la moshi panya wasiingie, na juu yake bati chache. Kazi ya siku moja. Kisha miaka ishirini na nane ingepita na leo tungekuwa tunazungumzia pampu.

Soma tena mtini ule wa Luka. Sisi wahubiri tunapenda huruma ya mtunza shamba, na ni kweli ni huruma. Lakini tazama alivyoomba. Hakusema uachwe tu. Alisema atakachofanya, kwa mikono yake: ataupalilia kuuzunguka na kuutilia mbolea. Akataja muda, mwaka mmoja. Na akakubali kwamba ukishindwa, shoka lina haki yake. Anayeombea kitu muda zaidi bila kushika jembe, bila kutaja tarehe na bila kukubali shoka, huyo hauombei mtini huo, anajiombea asisumbuliwe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na Pasaka yangu. Na kwa heshima zote, hivyo ndivyo alivyokuwa kijana wetu wa Dar es Salaam.

Nilimwambia hivyo. Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, ambapo wazee wa ukoo walikula pamoja na mambo ya ukoo yakaamuliwa hapo hapo kwenye chakula. Sisi tulikuwa na ugali, maharage na simu ya mdogo mtu imewekwa sauti ya juu katikati ya meza. Kaka akaanza na Arusha. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza maswali ambayo ningetamani mtu angeniuliza mimi mwaka ule. Likitengenezwa, nani ataliendesha na kwa kazi gani? Fedha ya bei ya pikipiki mbili ni yako au ni ya mama? Na usipoipata, mpaka lini?

Swali la pili ndilo lililomnyamazisha. Kutunza kumbukumbu ya baba ni jambo jema, na Amri ya Nne iko upande wake. Lakini Amri ya Nne inataja na mama. Kumbukumbu ambayo inalindwa na mtu wa mbali kwa gharama ya jiko linalovuja la mtu wa karibu imekwisha kugeuka sanamu. Nilimwambia pia kwamba ikishindikana, asione aibu gari likichinjwa kwa spea. Injini ya baba yake ikiingia katika Land Rover nyingine inayopanda milima hii na wagonjwa, si mazishi mabaya. Mzani ndio uwe wa mwisho.

Mdogo mtu alicheka kidogo akidhani ameshinda. Nikamgeukia na yeye, kwa maana alileta mzani kabla ya kuleta fundi. Hakujua injini inazunguka. Alikuwa anauza kwa kilo kitu ambacho hakukiangalia, kama mimi nilivyogawa kabureta. Mtunza shamba angalau alikuwa anaujua mti wake.

Tulijadiliana mpaka salio la simu likaisha, tukaongeza. Mwisho mama ndiye aliyetoa tarehe, si mimi. Mpaka kahawa ya mwaka huu iuzwe, alisema. Fedha ya chesesi ikiwa imefika kutoka Dar es Salaam, fundi aanze. Isipofika, fundi atoe injini na gia boksi viuzwe kwa mwenye kuvihitaji, na yanayobaki yaende kwenye mzani, na asisikie mtu analia kwenye simu. Kaka alikubali. Akaahidi kwamba kwa kuanzia, wiki hiyo hiyo, atatuma mabati kumi ya kulifunika gari lisiendelee kunyeshewa. Nilimpongeza. Nilijisemea, hiyo sasa ndiyo grisi.

Mabati yalifika kwa basi Jumanne iliyopita. Juzi nilipita tena Ukata, nikaenda nyuma ya nyumba kuona banda. Hapakuwa na banda. Magogo manne yamewekwa, gari limeinuliwa, kuku amehamishwa. Juu ya boneti kuna mabati mawili yamelazwa na kukandamizwa kwa mawe, yakifunika injini tu. Nikageuka kuelekea jikoni, nikaona paa jipya linang'aa.

"Manane yametosha jikoni," mama akanieleza kabla sijauliza. "Hilo la marehemu limevumilia mvua ishirini na nane, Baba. Litanivumilia na mimi."

Nikala ugali wangu pakavu.